Kilo Arobaini na Sita Upande wa Kushoto

Gari tupu halilali upande. Hilo analijua hata mtu asiyeweza kutofautisha spana na kijiko. Mtoe dereva, toa tairi la akiba, toa mpaka mkeka wa miguuni, gari litasimama sawa kama meza ya mwalimu mkuu. Ila gari la Hakimu, asubuhi ya Jumanne, lilisimama katikati ya gereji likiwa halina hata kalamu ndani, na upande wake wa kushoto, ule wa abiria, ulikuwa umelala vidole viwili.

"Springi zimechoka," alisema Digrii, kwa sauti ya mtu ambaye hajakosea tangu azaliwe.

Digrii, ili ujue unasoma habari za nani, ndiye fundi wa springi, bushi na shokapu. Shule aliiacha darasa la saba, mwaka uleule ambao shule nayo ilikuwa inatafuta namna ya kumwacha. Jina alipewa kwa sababu hupima mlalo wa tairi kwa jicho, akakutajia digrii na nusu yake, na ukileta kipimo kinakubaliana naye kwa aibu. Gereji ni yake na mjomba wake, kaka wa mama yake mzazi, ambaye kazi yake ni matairi na rimu, na ambaye amemtania mpwa huyo miaka kumi na tano bila kuchukua likizo. Nyumbani, mtaa wa nyuma, Digrii ana mke na binti wa miaka minne anayeitwa Kidoti. Mtoto yule akijikwaa chumba cha pili, baba yake hufika kabla ya kilio.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la zamani, milango miwili, viti viwili, kijani iliyokolea, limeundwa kabla Digrii hajawa hata wazo. Mwenyewe, hakimu mstaafu, mzee mwembamba wa kilo hamsini na viatu vyake, alitaka lifungwe rimu pana na matairi mapana, springi mpya, shokapu mpya, bushi zote mpya. Alilalamika jambo moja tu, kwamba linavuta kushoto. Mjomba alimwangushia rimu nusu inchi kutoka kidole gumba cha mguu, na mzee hakupepesa jicho. Alipoondoka, Mjomba akasema yule hata akigongwa na treni atauliza tu kama treni imeumia.

Wakalipandisha kwenye stendi, wakalivua miguu. Bushi za zamani zilitoka kavu, zimepasuka kama ulimi wa mwenye homa. Springi zilikuwa na kutu lakini urefu wake sawa, ya kulia na ya kushoto, na hapo Digrii akakuna kichwa kidogo, kwa siri, Mjomba asione. Matairi mapana yalitaka kula madigadi, basi akazikunja ncha zake kwa ndani, taratibu, kwa nyundo ya mpira, mpaka kidole kikapita bila kuguswa. Siku mbili za kazi safi. Gari likashushwa chini kwa springi mpya na shokapu mpya.

Likalala kushoto, vidole vilevile viwili.

Wakahamisha springi ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kulia. Vidole viwili. Wakapima sakafu kwa pima maji, sakafu haikuwa na kosa. Mjomba akaanza kuuliza kwa upole kama chuo kile cha digrii kina mtihani wa marudio.

Sasa, gereji ile ina desturi yake, na wanajivunia. Bushi haikazwi gari likiwa hewani. Ni mpira, na mpira una kumbukumbu: mkao utakaoukazia ndio utakaoushika maisha. Kwa hiyo wao huliteremsha gari chini, wanaweka kitini magunia ya mchanga yenye uzito wa mwenye gari, kilo kwa kilo, wanaandika uzito ule kwa chaki kwenye ubao wa ukutani, ndipo wanakaza bolti kumi na mbili za mwisho. Gari linakazwa likiwa limebeba watu wake.

Wakapakia kilo hamsini za Hakimu kiti cha kulia. Kulia palitakiwa kuzama. Badala yake gari likanyooka, sawa kabisa, kama wamekaa wawili.

Mjomba akaenda duka la nafaka jirani, akaazima mizani nne za magunia, wakaweka moja chini ya kila tairi. Wakajumlisha, wakatoa, Mjomba akarudia hesabu kwa vidole kwa sababu kalamu hakuiamini. Upande wa kushoto ulikuwa na kilo arobaini na sita ambazo hazikuwa za chuma, wala za mafuta, wala za mtu yeyote.

"Binti mwembamba huyo," alisema Mjomba. "Kwao hawamlishi."

Kiti cha abiria kikalia. Si mlio wa springi inayoachia. Ulikuwa mlio wa mtu anayejisogeza akae vizuri kwa sababu amesikia anatajwa. Ikaja na harufu, ya nguo mbichi iliyopigwa pasi ya moto. Mjomba alikuwa bado ana cheko mdomoni, akakosa pa kuliweka.

Akasema kwa sauti ya chini, "Mpwa wangu, tulirudishe kama lilivyokuja."

Digrii akakataa. Kwake hakuna gari lililowahi kutoka limepinda, na hawezi kuanza leo kwa sababu ya kiti kinacholia. Akachukua chaki, akaandika ubaoni, *Dereva 50*. Chini yake akaandika, *Abiria 46*. Akacheka peke yake.

"Kama yupo, basi tukaze naye akiwemo," alisema.

Akaingia chini na spana, akakaza zote kumi na mbili. Alipofika ya mwisho, ya kushoto nyuma, mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Akadhani ameulalia.

Kesho yake, jua likiwa la utosi na watu wamekwenda kula, alilitoa peke yake kulijaribu kwenye barabara ndefu iliyo nyuma ya maghala. Na tuseme ukweli, lilikwenda vizuri ajabu, matairi mapana yakishika lami kama mtoto aliyeshika gauni la mama yake, halivuti kushoto wala kulia, kona linaingia limenyooka, na Digrii akaanza kujisifu kwa sauti, kama kawaida yake, akieleza alivyozikaza zile bushi na jinsi ambavyo fundi mwingine angelia, mpaka alipogundua kwamba anasikilizwa, kwamba kile kiti cha pembeni kinalia kidogo kila anapofika mahali pa kuchekesha, kwamba ile harufu ya nguo mbichi na pasi imejaa mpaka kwenye koo, na kwamba juu ya mkono wake wa kushoto, ulioshika gia, umewekwa mkono mwingine, mwepesi, baridi, unaotulia pale bila kubana, kama mkono wa mgeni aliyezoea nyumba, na kutoka pale ganzi ikawa inapanda, begani, shingoni, ikateremka kifuani taratibu kama maji yanayojaza mtungi, na jambo baya kuliko yote ni kwamba alingoja kuogopa, aliusubiri ule woga kwa muda mrefu, ghala baada ya ghala, na haukuja.

Akarudi, akaegesha. Akamwambia Mjomba gari liko sawa.

Siku zilizofuata hakuugua. Alikula, lakini hakusema kama chumvi imezidi au imepungua. Mjomba alimwambia kichwa chake kina umbo la nati iliyokatwa vibaya, na Digrii, ambaye kwa neno kama hilo hujibu mpaka magharibi, alisema, "Sawa." Mjomba akajaribu tena, akamtajia mpaka miguu yake. "Sawa." Hapo Mjomba akaingiwa na baridi. Bora angepigwa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Kidoti alianguka ngazi za mlangoni. Meno yakatoboa mdomo, damu ikajaa kidevuni na kwenye gauni, na kilio kikasikika nyumba tatu. Mama yake alitoka mbio na mikono yenye sabuni. Alimkuta mumewe ameketi kibarazani, hatua mbili kutoka kwa mtoto, anakunywa maji.

"Baba Kidoti, mtoto analia."

"Namsikia," alisema.

Hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomtisha mke wake. Akamfunga mtoto kitambaa, akambeba, akaenda moja kwa moja gereji, akamwambia Mjomba kwamba mtu aliyerudi kwake kutoka kazini wiki hii si mumewe, na kama kuna mtu anajua alipobaki mumewe, amrudishe, maana mtoto huyu ana baba mmoja tu.

Mjomba akavuka barabara kwenda kwa Mama Viti.

Mama Viti hushona viti vya magari. Amevua ngozi za viti kwa miaka thelathini, na anasema ndani yake ametoa sindano, barua, meno, na mara nne wakaaji wenyewe, wasioonekana kwa macho. Watu humcheka mchana na kumwita jioni. Alikuja na mkasi wake shingoni, akalizunguka gari mara moja, akalinusa dirisha la kushoto, akauliza maswali kama muuguzi aliyechoka.

"Ulikaza bolti naye akiwa ndani?"

"Nilikaza," alisema Digrii, aliyekuwa ameitwa kutoka nyumbani.

"Ukamwandika?"

Digrii akaonyesha ubao.

"Alikuwa mpita njia, mwanangu. Wewe umempa kiti, ukampa na uzito wake." Akashusha sauti, mke wa Digrii akasogea ili asikie. "Sasa nisikilize. Utalegeza zote kumi na mbili, kwa mkono uleule. Utang'oa kiti. Kisha utamwambia atoke. Lakini useme kwa moyo. Aliyemkaribisha ndiye anayemfukuza, na hafukuzwi kwa mdomo mtupu. Usipomaanisha atatoka kitini, ila hatakwenda mbali."

Mke wake akamshika uso kwa mikono miwili. Alikuwa analia bila sauti. Alimwambia ataje kitu kimoja anachokitaka, kimoja tu, akishike hicho. Digrii akamtazama. Aliona machozi, akaona yanavyoshuka, la kulia likitangulia la kushoto. Akasema anamtaka Kidoti. Alikumbuka kwamba hilo ndilo jibu.

Akaingia chini. Bolti zilitoka kwa shida, kila moja ikipiga kelele yake, na kadiri alivyolegeza ndivyo ile harufu ya pasi ilivyozidi kujaa gerejini, mpaka Mjomba akafunika pua kwa kofia, mpaka vioo vya gari vikajaa ukungu kwa ndani katika mchana mkavu, na kwenye kioo cha abiria pakabaki wazi mahali pamoja, duara dogo la ukubwa wa paji la uso, la mtu aliyeegemea kutazama nje, na bolti ya kumi na mbili ilipolegea na Digrii akatoka kwenye vumbi, akang'oa kiti, akakiweka sakafuni, kikabaki kinalia chenyewe pale sakafuni kwa muda ambao hakuna aliyethubutu kuuhesabu.

"Sema," alinong'ona Mama Viti.

"Toka," alisema Digrii. Alilisema kama mtu anavyosema saba akihesabu nati.

Kiti kikanyamaza. Gari likapanda upande wa kushoto, vidole viwili, polepole, kama mtu aliyepumua. Mjomba akaketi chini palepale kwenye grisi. Mke wa Digrii akamkumbatia mumewe, naye akainua mikono, akaiweka mgongoni kwake, mahali ambapo mikono huwekwa. Mama Viti peke yake hakufurahi. Alimtazama Digrii kwa muda mrefu, akafuta ubao kwa kanga yake, akaondoka bila kuaga.

Wakarudisha kiti, wakakaza upya, kilo hamsini tu. Jumatatu Hakimu akaja. Aliketi kwenye usukani, akawasha, akasikiliza, kisha akazima. Akageuka kutazama kiti cha kushoto. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mzee yule akalia kama mtoto, kwa sauti, paji la uso kwenye usukani, akimwita mama yake, ambaye, kama mzee alivyomweleza Mjomba baadaye, alimzika miaka kumi na moja iliyopita na kurudi kazini siku ileile, hana hata chozi. Baada ya mama yake akawaita watu aliowahukumu, kwa majina yao kamili, jinsi yanavyosomwa mahakamani. Alikuwa nao wengi. Mjomba alimletea maji, yeye mwenyewe akifuta macho, akasema basi ushahidi ndio huo, yule wa kitini ametoka kweli.

Digrii alikuwa anafuta spana. Alizipanga kwa ukubwa.

Jioni aliketi kwenye kiti cha kibarazani, na mke wake, aliyeimba jikoni kwa mara ya kwanza wiki nzima, akamwekea kikombe cha chai. Kidoti akatoka mbio, mdomo umevimba, mikono mbele, kama anavyomrukia baba yake kila jioni. Akasimama hatua mbili kabla hajamfikia.

"Njoo ukae," alisema Digrii, akapiga paja lake.

Mtoto akatazama mapaja. Akainua macho kidogo, akatazama mahali palipo usawa wa kidevu cha baba yake, akarudi nyuma hatua moja kwa adabu, kama alivyofundishwa kwa wageni.

"Pamekaliwa," alisema.

Digrii akatazama chini. Kitambaa cha suruali kilikuwa kimebonyea, kulia na kushoto. Akamwambia Kidoti akakae kwa mama yake. Akachukua kikombe kwa mkono wa kushoto. Chai ilikuwa bado inachemka, na aliinywa yote.