Aliyepunga Mkono Mwishoni mwa Filamu

Filamu ile ilikuwa ya Kizungu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo Severa alishtuka mmoja wa wale watoto alipogeuka na kumuuliza, "Mama, umekula?"

Ilikuwa Jumapili mchana, kelele za Kariakoo zikipanda mpaka sebuleni kwake ghorofani. Filamu yenyewe ya zamani, ya watoto wawili wapelelezi. Wanawe, Polycarp na Aaron, waliipenda tangu wadogo, hasa pale mwishoni, wezi wameshakamatwa, watoto wanasimama darajani na kupunga mikono. Polycarp alifariki kwa homa kabla ya Pasaka, na tangu hapo mama yake hakuangalia kitu kingine.

Hakumwambia mtu. Kesho yake mtoto yule alikuwa na kovu la Polycarp juu ya jicho. Severa akaacha kwenda kufungua duka lake la vitenge. Nyumba ikaanza kunuka dawa ya kuchua, ile aliyompaka mwanawe siku za mwisho, na hata Aaron alipokuja akachomoa waya wa televisheni ukutani, picha iliendelea kuwaka, mtoto akiwa ameliacha daraja nyuma yake na kusogea, na kusogea, mpaka uso ukajaa kioo kizima, na kioo chenyewe kilipoguswa kilikuwa cha moto kama paji la mgonjwa, na ndani yake kukasikika pumzi ikivutwa kwa shida.

Jirani yao Salma akamleta mjomba wake, mzee Khalfani, anayetibu watu wenye majini. Mzee alifukiza ubani, akasoma, kisha akamweleza Severa kwa upole kwamba jini limevaa sura ya marehemu, na halitatoka mpaka yeye mwenyewe alikatae. Kama ana shaka, aliulize jambo ambalo Polycarp angelijua.

Severa akapiga magoti mbele ya kioo.

"Baba," alinong'ona, "saa ile ya mwisho ulimwita nani?"

"Nilikuita wewe, mama. Nilitaka unishike."

Severa akaziba mdomo kwa kanga. Aaron akadhani ameshindwa.

"Ondoka," akasema hatimaye. "Wewe si mwanangu."

Ndani ya kioo kikasikika kilio cha mtoto anayeungua, kikafifia, kikafifia, picha ikazima. Harufu ya dawa ikakatika.

Mzee Khalfani akamuuliza alijuaje. Severa hakumtazama yeye, alimtazama Aaron, ambaye siku ya msiba ule alikuwa bado njiani anatoka Moshi.

"Alikuita wewe," akamwambia. "Mimi nimemshika mkono, yeye anakuita wewe, mpaka akanyamaza. Nilishindwa kukwambia."

Aaron, mtu mzima mwenye ndevu zake, akakaa sakafuni na kulaza kichwa mapajani pa mama yake. Salma akafunga mlango taratibu, akawaacha walie.