Gitaa la Ismaël

Theluji ilikuwa ikianguka tangu asubuhi Jumamosi ile, na Chelagat, jirani yetu wa ghorofa ya tisa hapa mtaani Rexdale, ughaibuni, alikuwa kwenye kochi akimnyonyesha Nkirote, mtoto wa miezi saba. Mumewe, Derek, alikuwa amelaza gitaa la besi mezani, juu ya taulo. Lilikuwa la marehemu Ismaël, Mkongo aliyelipiga kanisani kwao miaka mingi. Ismaël alikuwa wa mkono wa kushoto. Alikandamiza nyuzi kwa vidole vya kulia, vilivyoota sugu, na alizifunga kinyume. Derek, wa mkono wa kulia, alitaka kuzigeuza ili alipige kesho ibadani.

“Mzee Ismaël alisema utoe uzi mmoja mmoja,” Chelagat alimkumbusha. “Lisibaki tupu.”

“Aliogopa shingo ya gitaa isije ikapinda, Mama Nkirote. Na nitazigeuzaje bila kuzitoa zote?” Derek akacheka. “Au unadhani mzee amelala humu ndani?”

Akalegeza uzi wa kwanza, akautoa. Wa pili. Wa tatu. Wa nne ulipotoka, Nkirote aliacha ziwa.

Hakulia. Aligeuka, akalitazama gitaa kama mtu aliyeitwa jina.

Derek alishika spana ndogo akaanza kukaza chuma cha ndani ya shingo. Ndipo sauti ikaja. Nzito, ya chini kabisa, sauti ya uzi mnene. Kijiko kikatetemeka kikombeni.

“Ni hita,” Derek alinong’ona.

Chelagat akagusa hita. Ilikuwa baridi.

“Funga nyuzi, Baba Nkirote. Tafadhali.”

Derek akaanza kuzifunga kwa mpangilio wake mpya. Uzi wa kwanza. Wa pili. Sauti haikupungua. Wa tatu. Wa nne ulipokazwa, ikakatika ghafla.

Nkirote akapiga mwayo, akalala.

Kesho yake ibadani gitaa lilitii. Hakuna uzi uliokwaruza, na watu walimsifu Derek. Chelagat peke yake ndiye aliyeona kwamba kila mumewe alipokosea, mtoto mapajani mwake alikunja uso.

Jioni, akimwogesha mtoto, kitu kilimkwaruza Chelagat shingoni. Akakishika kiganja cha Nkirote, akakifungua taratibu. Ncha za vidole zilikuwa ngumu, zimeota sugu nene za miaka mingi.

Akafungua kiganja cha pili. Laini.

Sugu za Derek ziko mkono wa kushoto. Hizi zilikuwa za mkono wa kulia.