Siku Niliyompa Baba Mdogo Kinasa Sauti

Sauti ya baba mdogo ilikuwa inatoka kwenye laptop ya baba...

"Wakubwa walijua. Na sisi tulijua. Tukakaa kimya kulinda vyeo vyetu."

Nikafungua faili lingine. Yeye tena.

Lingine. Yeye, na wenzake.

Mafaili arobaini na tatu, kila moja na tarehe yake.



Ngoja niwaeleze. Baba ni kanali, mtu wa mizinga. Mwaka ule alikuwa kwenye chuo cha ulinzi, kile wanachosoma wakubwa wa jeshi. Pale hawafundishwi kulenga shabaha. Wanafundishwa kufikiria nchi nzima: chakula, maji, majirani, vita ianzwe au isianzwe. Ukimaliza vizuri unaanza kunukia ubrigedia. Ukichafua, unarudi nyumbani kufuga kuku.

Na chuo kina sheria moja kubwa kuliko zote. Linalosemwa darasani halitoki darasani. Simu zinaachwa kabatini mlangoni.

Maana hawa ni watu waliosema "ndiyo afande" miaka ishirini na tano, na pale wanatakiwa wajifunze kusema "hapana, tunakosea". Nani atathubutu, kama kesho maneno yake yako mezani kwa bosi?

Sasa baba alikuwa anawanasa sauti. Kifaa chenyewe size ya kidole, alikisahau kwenye laptop niliyokuwa namchapia insha yake ya kozi. Baba anachapa kwa kidole kimoja, kama anatafuta bomu lililofukiwa.

Mlango ukafunguliwa.

"Umesikiliza?"

Nikatikisa kichwa. Muongo mimi.

Akachomoa kifaa, akakitia mfukoni mwa koti la sare lililotundikwa mlangoni.

Jioni ile ile baba mdogo akaja. Si ndugu wa damu. Naye ni kanali, waliingia jeshini siku moja wakalala kitanda cha juu na chini. Ndiye aliyenifundisha baiskeli.

Hakugusa hata chai.

"Mzinga," ndivyo anavyomwita baba, "maneno yangu ya darasani yametoka. Jumatatu naitwa kwenye jopo, nieleze yametokaje."

"Nani kayatoa?" baba akauliza.

"Tuko thelathini mle ndani. Sijui nimtazame nani usoni."

Baba alikuwa anamkodolea macho mdomoni, kama mtu anayemeza mate ya hatia... Ndivyo nilivyoona mimi.

Baba alipoingia ndani kubadilisha nguo, nikachukua kile kifaa nikamfuata mgeni kwenye gari.

"Baba mdogo..."

"Nini, mama?"

Mimi hata darasani jina likiitwa nanyoosha mkono tu. Maneno yakagoma. Nikamtia kifaa kiganjani, nikakimbia.

Kupitia dirishani nikamwona anakichomeka kwenye redio ya gari. Akakaa pale, kichwa kwenye usukani. Alipoondoka hakupiga honi. Huwa anapiga mbili.

Jumatatu nilipotoka shule nikamkuta baba kwenye ngazi, na sare yake, kofia mapajani.

"Amekiweka mezani mbele ya jopo," akasema. "Ulimpa wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Sema tena."

"Ndiyo..."

"Tena."

Nikaanza kulia. Nilijua sasa nimekwisha.

"Mwanangu, sina hasira," akasema. "Sikusikii."

Nikamwangalia.

"Sikio la kushoto lilikufa zamani, mizinga hiyo. La kulia liko nusu. Kambini nilikuwa sawa, kule watu wanapiga kelele. Chuoni ni meza ya duara, kila mtu mstaarabu, na yule mwalimu wa uchumi anaongea kama yuko msibani. Nikawa nanasa, nije nisikilize kwenye gari kwa sauti ya juu. Wangejua, wangeniondoa kwenye kozi."

"Mama anajua?"

Akanisoma midomo. "Mama yako anajua. Si unaona anavyonifokea? Hiyo ni huruma."

Kisha akasema kitu ambacho sitakisahau.

"Wewe ndiye mgumu kuliko wote. Kasauti kako sikapati kabisa. Nikiona umecheka, na mimi nacheka."

Mara ngapi nimemwongelesha akanipita, nikasema moyoni huyu baba ana roho ngumu? Miaka, wapendwa.

"Sasa nani katoa maneno?" nikauliza, karibu na sikio la kulia.

"Sijui. Wanaamini ni mimi. Hata yeye anaamini." Akatoa barua ya jopo, akasoma maneno ya baba mdogo yaliyovuja. "'Tulituma vijana kwanza, swali tukauliza baadaye.' Mkuu wa chuo alikuwa mgeni rasmi kwenye mdahalo wa shule yenu. Akaisikia mdomoni kwa mwanafunzi, neno kwa neno. Nusu ya darasa letu wana watoto pale."

Nikakaa chini, kwenye sakafu.

Ile sentensi nilikuwa nimeikuta kabla ya mdahalo, kwenye karatasi za baba nilizokuwa nachapa, haina jina la mtu. Niliipenda. Mimi kwenye mdahalo sisimami, huwa naandika hoja, wengine wanasema. Niliiweka mwanzoni kabisa. Watu walipiga makofi na mimi nilifurahi kimya kimya nyuma ya ukumbi.

Aliyetoa maneno ya baba mdogo ni mimi.

Asubuhi yake nikamwomba baba anipeleke, nikaingia ofisini kwa mkuu wa chuo. Meza kubwa, bendera, kalamu zimepangwa kama gwaride. Baba kasimama, na baba mdogo kasimama mbali naye.

"Binti, nimeambiwa una la kusema."

Nikasema.

"Sijasikia," akasema mkuu.

Nikageuka. Baba alikuwa ameikazia macho midomo yangu, jasho linamtoka. Na yeye hakuwa amepata kitu.

Nikapaza sauti. Sijui ilitoka wapi.

"Ni mimi! Niliiandika kwenye mdahalo! Baba hakumwambia mtu! Ananasa kwa sababu hasikii!"



Baba mdogo akakaa bila kuruhusiwa. "Mzinga... mwaka mzima tumekaa viti pua na mdomo. Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ungeniuliza," baba akajibu, "kabla hujakiweka mezani."

Mkuu wa chuo akavua miwani. "Tunawafundisha kuuliza nini hatukijui kuhusu adui aliye mbali. Aliye kiti cha jirani, hakuna aliyemuuliza. Hata mimi."

Akamfutia baba mdogo kesi. Kisha akamgeukia baba. "Lakini sheria uliivunja, Kanali. Kozi yako imeishia hapa."

Baba akapiga saluti.

Leo ni raia, ndiyo maana ameniruhusu kuandika haya. Ubrigedia ameukosa, na baba mdogo ameupata. Walikaa miezi minne bila kusalimiana.

Usimhukumu mtu kwa ulichokikuta mfukoni mwake. Nenda kamuulize, hata kama sauti yako inatetemeka. Mimi niliona rahisi kukimbia, na kukimbia kule kulimgharimu baba yangu kazi ya maisha yake.

Siku ile ya ofisini, tukiwa kwenye gari kurudi nyumbani, nililia njia nzima. Baba akaniwekea mkono kichwani.

"Ulivyopiga kelele mle ndani," akasema, "nilidhani una sauti ya mama yako. Kumbe una ya kwako."