Jina la Kupigia Hodi

Jibu lilikuja kabla ya swali. Fundi alikuwa hajabonyeza kitufe, kidole kiko hewani bado, na tayari kioo cha kompyuta kilikuwa kinamwambia kwamba mchora ramani wa jengo la pili ana nafasi saa nane hadi saa tisa mchana. Pua yake ikanasa harufu ya nywele zilizoungua. Ikapita. Akajiambia ni nyaya za zamani, kisha akamwandikia bosi kwamba kazi imekamilika.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Kampuni yao ya wapima ardhi ilikuwa imeungana na kampuni ya wajenzi iliyo ng'ambo ya barabara, na kila upande ulikuja na mfumo wake wa barua pepe, kama wake wenza waliokabidhiwa jiko moja. Mtu wa huku akitaka kuitisha kikao na mtu wa kule, hakuweza kuona kwenye kalenda kama mwenzake ana nafasi au ana shughuli. Fundi alitakiwa kuifanya mifumo hiyo iulizane yenyewe: mmoja upige hodi, uulize fulani ana nafasi lini, ujibiwe, basi. Ila hodi haipigwi bila jina. Lazima iwepo akaunti inayotambuliwa pande zote mbili, na kuomba akaunti mpya kwa wakubwa kulichukua wiki tatu.

Bosi hakuwa na wiki tatu. Alikuwa mtu wa kuahidi mbele ya watu na kutekeleza kwa migongo ya wengine. Alimwambia Fundi atumie akaunti ya mhazili. Mhazili alikuwa amefariki mwaka uliopita. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyepanga vikao vya kila mtu, akaunti yake iliruhusiwa kuona kalenda zote, na hakuna aliyejisumbua kuifunga. Fundi aliposita, bosi akamwuliza kama marehemu ameleta malalamiko. Waliokuwepo wakacheka, na Fundi naye, Mungu amsamehe, akacheka, akaliweka jina la mfu mlangoni.

Tuseme ukweli: mpaka hapo hapakuwa na shetani yeyote. Palikuwa na uvivu wa mtu mmoja na woga wa mwingine, na shetani hahitaji mwaliko mkubwa kuliko huo.

Mifumo ilianza kuulizana mara elfu arobaini kwa siku, na kila mara jina lililopiga hodi lilikuwa la marehemu. Wiki ya pili vikao visivyo na ajenda vikaanza kujiandika. Wa kwanza kuitwa alikuwa mchora ramani: saa nane mchana, chumba cha mikutano, ghorofa ya tatu ya jengo la kwanza, mwitishaji ni mhazili. Alidhani ni utani wa kipumbavu, akaapa haendi. Zilipobaki dakika chache, aliinuka katikati ya sentensi, akaacha kalamu wazi juu ya ramani, akavuka barabara na kupanda ngazi. Alirudi saa tisa akiwa wa baridi kama sakafu, nywele zikinuka moshi, hakumbuki chochote. Jioni alimwinamia jirani yake wa meza na kumwuliza kwa upole, kama mtu anayeazima rula, binti yake yeye mwenyewe, yule mkubwa, anaitwa nani.

Baada yake alichukuliwa msimamizi wa manunuzi, kisha dada wa vibali. Wote walichukuliwa katika saa ambazo kalenda zao zilikuwa tupu. Mwenye shughuli hakuguswa. Fundi alipoligundua hilo, alipanda kwa bosi kuomba ruhusa ya kuliondoa jina lile. Bosi hakunyanyua hata uso. Wamiliki walikuwa wanamsifu kwa vikao vinavyopangika upesi, na Ijumaa angewaonyesha mtambo mbele ya pande zote mbili. Watu wakichoka, alisema, wapewe likizo.

Likizo. Neno hilo lilimfuata Fundi ngazini mpaka likampiga kifuani. Wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwa mpokea wageni wa jengo la Fundi mwenyewe, ana mimba ya miezi minane, na Jumatatu angeanza likizo ya uzazi. Fundi akaifungua kalenda yake. Miezi mitatu, nyeupe pe, haina hata doa.

Alikaa akaijaza. Aliandika vikao vya uongo kutoka asubuhi hadi jioni, siku tisini, mpaka vidole vikamuuma. Alienda kunywa maji, na aliporudi vyote vilikuwa vimefutwa. Kilibaki kikao kimoja, kinaanza Jumatatu saa mbili asubuhi, mahali pa saa ya kumalizika pako wazi, na wanaotakiwa kuhudhuria ni wawili.

Wifi yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ameshakiona.

"Wifi," alinong'ona, "mmoja ni mimi. Wa pili mbona hana jina?" Kisha mikono yake ikaenda yenyewe tumboni.

Saa ya chakula Fundi alikwenda kwa mama mzazi wa mhazili. Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba kavu. Yule mama alikuwa na hasira ya mwaka mzima. Alikuwa ameiandikia ofisi barua tatu, akiomba jina la mwanawe liondolewe, kwa sababu kila aliyemwandikia marehemu kwa bahati mbaya alijibiwa kwamba yuko kikaoni. Fundi alikiri kila kitu, na kicheko chake pia. Akauliza kama mwanawe ndiye anayewachukua watu.

"Mwanangu nimemzika, najua alipo," mama alisema. "Jina mkiliita bila mwenyewe, anaitika yule asiye na jina. Huyo ni jini tu, hana kwao. Ninyi ndio mmempa kwao."

Dawa yake ilikuwa fupi. Jina litolewe, pawekwe la mtu aliye hai, anayejibu mwenyewe kwa yanayofanywa kwa jina lake. Mtu wa namna hiyo ameijaza nyumba yake, yaani nafsi yake, jini hapati pa kukaa. Pakiachwa pengo atarudi siku hiyo hiyo. Na usimwogope, mama alisema akimsindikiza mlangoni. Mwenye kuogopa ni mgeni asiyealikwa.

Ijumaa asubuhi, wamiliki wakiwa wamekaa ghorofa ya pili, Fundi alifunga mlango wa chumba chake, akaizima njia ya hodi kati ya mifumo miwili. Juu, katika chumba cha mikutano ambacho hakikuwa na mtu, kiti kilikokotwa. Kikakokotwa cha pili, na cha tatu, na harufu ya nywele zilizoungua ikashuka kupitia matundu ya hewa ikamjaa kinywani mpaka akaonja majivu, na taa zikafifia ingawa jua lilikuwa dirishani, na viti vile vikaendelea kukokotwa kuelekea ngazi, kisha ngazini, kidato kwa kidato, vikishuka bila haraka, mpaka vikasimama nje ya mlango wake, na simu ya mezani ikalia kutoka kwenye laini ya mhazili, laini ambayo Fundi mwenyewe aliikata mwaka jana kwa koleo.

Aliipokea.

"Mnaniita mchana kutwa," sauti ilisema, na ilikuwa sauti ya mhazili iliyovaliwa na mtu asiyeijua. "Nikija, hamna neno nami. Basi nimechagua mwenyewe. Huyo mdogo aliye tumboni, siku zake zote hazijaandikwa kitu."

Hapo woga wa Fundi ulikwisha. Ilikuja hasira, hasira nzito ya mtu aliyekubali upuuzi mara nyingi kupita kiasi, akamwambia jini maneno ambayo mama mkwe wake angeyasikia, angeziba masikio. Akaweka simu chini, akalifuta jina la marehemu. Mfumo ukakataa kuhifadhi. Nafasi ya jina haiwezi kuachwa wazi, ulisema. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe wakati bosi alipousukuma mlango, jasho linamtoka. Nje hapakuwa na viti. Alifoka kwamba mtambo umekufa mbele ya wamiliki, na kwamba ameshawaeleza kuwa ni uzembe wa Fundi.

"Mfumo unataka jina la mtu aliye hai," Fundi alisema polepole. "Nikiweka lako, utalijibia?"

"Mimi sijibu mambo ya mafundi. Weka la yeyote, upesi."

Fundi alimtazama. Alijua vizuri kwamba mtu huyu hajawahi kujibu kwa lolote maishani mwake. Alijua nyumba ile ni tupu. Akaandika jina la bosi, herufi kwa herufi, akahifadhi.

Harufu ikaondoka mara moja. Bosi akashika ubao wa mlango, akapepesa macho, akatoka taratibu.

Wifi yake alijifungua salama mtoto wa kike anayelia kwa sauti kubwa, na mchora ramani anamwita binti yake kwa jina tena. Bosi yuko ofisini, nyuma ya mlango wa kioo, mikono juu ya meza, hali chakula wala haondoki. Wanaopita husema anaongea peke yake. Fundi anajua ni neno moja tu, naam, naam, naam, mara elfu arobaini kwa siku. Kila asubuhi, kabla ya kazi, huifungua kalenda na kuuliza kama mtu fulani ana nafasi, mtu yeyote tu, huku akiitazama midomo ile ikitikisika. Kisha huuliza tena.