Mashine ya Kitanda cha Pili

Saa nne asubuhi mgonjwa wa kitanda cha kwanza alikuwa ameshakufa, na mashine yake ya kupumulia ilinuka kuungua. Kwenye kitanda cha pili, Bibi, mshonaji mzee, bado alikuwa akipumua kwa mashine ya aina ileile. Kila ilipokoroma, waliokuwa wodini walishtuka.

Afande, mpelelezi wa polisi, mama wa makamo, alifunga mlango. Walibaki watatu mbele yake: muuguzi, fundi umeme waliyemwita Cheche, na Injinia aliyezifanyia ukarabati mashine zote mbili.

"Nani aliigusa mwisho?"

"Mimi, Afande." Muuguzi alisogea mbele. "Niliilaza kidogo nimsafishe mgonjwa. Si kuizima kabisa, kuiweka usingizini tu kwa kitufe. Nilipoiamsha ikatoa moshi. Nikakimbilia mfuko wa kupumulia wa mkono... sikuwahi."

"Uliimwagia maji," Injinia alidakia. "Ninyi na ndoo zenu!"

Afande alipitisha kiganja chini ya mashine. Kilitoka na vumbi kavu.

"Basi umeme umepiga," Injinia alisema. "Muulize Cheche."

"Mimi tena? Hata maharage yakiungua kwako utaniita!" Cheche alichomoa fyuzi, akainyanyua dirishani. "Umeme ukija na fujo, huyu ndiye anatangulia kufa. Tazama, mzima."

Walifungua kifuniko. Ndani kulikuwa safi, isipokuwa kipimo cha hewa, kidude kidogo kama ukucha, kilichoungua kikawa cheusi.

"Hiki kipya?" Afande aliuliza.

"Vya zamani havipatikani," alisema Injinia. "Nilibadilisha juzi, mashine zote mbili. Zimefanya kazi vizuri."

"Kinakula umeme sawa na cha zamani?"

"Volti chache zaidi. Ila draiva ndiyo kazi yake hiyo, Afande. Ni programu, inakiuliza kipimo kinataka volti ngapi, ndipo inakipa."

Afande alikigeuzageuza kile kidude cheusi. Kipimo kilikaa humo tangu juzi bila kuungua. Kiliungua mashine ilipoamshwa.

"Dada, shika mfuko wako tayari," alimwambia muuguzi. "Halafu ilaze hii ya Bibi, kisha uiamshe."

Muuguzi alishika mfuko kwa mkono mmoja, akanyoosha mwingine. Kidole chake hakijafika kwenye kitufe, Injinia aliruka akamdaka mkono.

"Usiguse! Utamuua!"

Mashine peke yake ilivuta, ikatoa.

"Kwa maji," Afande aliuliza taratibu, "au kwa umeme wa Cheche?"

Injinia alishuka hadi sakafuni kama nguo iliyoanguka kambani.

"Draiva haikuvijua vipimo vipya, ikawa inagoma kuwasha. Nikaifuta ile sehemu inayokiuliza kipimo. Ukiiwasha mara ya kwanza, mashine inaanza na volti ndogo yenyewe. Ukiilaza ukaiamsha, draiva inarudisha volti za zamani, nyingi mno kwa kipimo kipya. Jana nikijaribu, kipimo kimoja kiliniungulia mezani."

"Jana! Na hukusema?"

"Nilishamwambia mkuu kazi imekwisha. Ningeonekana sijui kitu. Nikasema nitarekebisha leo, kabla mtu hajailaza."

"Na mimi ulikuwa unanipeleka jela," muuguzi alisema.

Umeme ukiyumba tu, mashine ingejilaza na kujiamsha yenyewe. Muuguzi akamtoa Bibi kwenye mashine, akaunganisha mfuko, akaanza kuuminya. Cheche alitumwa mbio kuazima mashine nyingine hospitali ya jirani. Muda ulipita, hajarudi. Mikono ya muuguzi ilianza kukosa nguvu. Kifua cha Bibi kikapanda kidogo tu, midomo ikaanza kubadilika rangi.

Afande alimwinua Injinia kwa ukosi wa shati, akamkalisha ukingoni mwa kitanda cha Bibi.

"Minya."

"Mimi si muuguzi, Afande!"

"Yeye atakuelekeza. Pingu zitasubiri."

Muuguzi aliweka kiganja kifuani kwa Bibi. Injinia aliushika mfuko, jasho likimtiririka hadi kidevuni, macho kwenye uso wa yule dada.

"Sasa?" aliuliza.

"Subiri kifua kishuke."

Alisubiri.

"Sasa?"

"Sasa."

Aliminya. Kifua kilipanda, rangi ikaanza kurudi midomoni. Hakuthubutu kuminya tena kabla ya kuuliza.