Vikombe Saba vya Anti Nthoki

Vyombo vya chai ya jioni vilikuwa kazi ya Koki. Mama alikwisha kusema kwamba hakuna mtoto wake atakayetoka mlangoni akiacha sufuria chafu nyuma yake. Basi kila jioni ya likizo ile ya Agosti, Koki alibeba karai hadi kwenye bomba la nje, akapanga foleni na majirani wa mtaa wa Kaloleni, huku ngoma ya kwaya ikianza kulia kule ukumbini. Aliisikia vizuri sana, na kila ilipolia alisaga meno.

Kwaya ya watoto ilikuwa ikijiandaa kwa mashindano ya Jumapili, na Koki ndiye aliyechaguliwa kuanzisha wimbo. Lakini Phelister, mwalimu wao wa kwaya, hakuwa mtu wa mzaha.

"Koki, umechelewa tena," alimwambia jioni moja mbele ya wenzake. "Ukichelewa kesho, nafasi yako nitampa Aloo. Sitarudia kusema."

Na kana kwamba hilo halikutosha, nyumbani kulikuwa na Anti Nthoki.

Nthoki alikuwa dada mdogo wa baba yake Koki, na alisoma chuo kikuu. Chuo kilikuwa kimefungwa, naye akaja kukaa kwao na sanduku zima la vitabu. Alikuwa ameanguka mtihani mmoja ambao angeurudia chuo kikifunguliwa. Somo lenyewe lilimchanganya Koki. Liliitwa hesabu, lakini ndani yake hamkuwa na kujumlisha wala kugawanya. Lilikuwa somo la kuthibitisha, yaani kueleza kwa nini jambo fulani ni lazima liwe kweli, siku zote, hata kama hakuna anayelitazama. Nthoki alilisoma tangu asubuhi, akiandika na kufuta, na balaa la somo hilo likaenea nyumba nzima. Ukimwambia mvua itanyesha, anauliza, "Umejuaje?" Ukimwambia chumvi imekwisha, anauliza, "Umetafuta kila mahali?" Hata baba, dereva mpole asiyejua kugomba, alikuwa ameanza kula chakula chake nje.

Jioni ile Koki alirudi kutoka kwenye kwaya akiwa amefura kwa hasira.

"Anti, nisaidie vyombo mpaka Jumapili. Nitanyang'anywa wimbo."

Nthoki alifikiri kidogo. Kisha akachukua vikombe saba vya bati, akavipanga mezani vyote midomo ikiangalia juu.

"Tufanye hivi. Kila mara geuza vikombe viwili. Si kimoja, si vitatu. Kinachoangalia juu unakifunika mdomo chini, kilichofunikwa unakirudisha juu. Nataka vyote saba vifunikwe. Ukiweza, vyombo ni vyangu mpaka Jumapili."

"Na nikishindwa?"

"Nieleze kwa nini haiwezekani. Hilo pia nitalikubali."

Siku iliyofuata Koki alianza mara tu baada ya kunywa chai ya asubuhi. Alifunika viwili, vingine viwili, vingine viwili. Kikabaki kimoja. Akaanza upya, akafunika, akafunua, akachanganya. Vikabaki vitatu. Akajaribu tena, kikabaki kimoja, na safari hii kilikuwa kile cha baba, cha buluu, kilichobanduka rangi ukingoni. Kilimtazama tu.

Adhuhuri alikisukuma mbali. "Haiwezekani."

"Umejuaje?" Nthoki aliuliza bila kuinua kichwa kitabuni.

"Nimejaribu mpaka mikono inaniuma."

"Hiyo inaonyesha kwamba umechoka. Haionyeshi kwamba haiwezekani. Labda njia ipo, ila hujaipata."

Koki alitamani kumtupia hicho kikombe cha buluu. Mtu gani huyu ambaye huwezi hata kumwambia umeshindwa, akaridhika?

Mchana ulizidi kwenda. Nthoki alitoka kwenda kuanua nguo. Juu ya meza kilikuwa kimebaki kikombe kimoja tu kikiangalia juu. Koki alitazama mlangoni, akanyoosha mkono, akakifunika peke yake.

"Anti, njoo uone. Nimeweza."

Nthoki aliingia na nguo begani. Akavitazama vikombe saba vilivyofunikwa, kisha akamtazama Koki.

"Kuna mahali hukugeuza viwili."

"Umenichungulia dirishani."

"Dirisha liko upande huu, kamba ya nguo iko upande ule. Sikukuona."

"Sasa umejuaje?"

Swali lilimtoka kabla hajajua anauliza nini. Nthoki aliweka nguo kitini polepole.

"Hilo ndilo swali, Koki. Nijibu hilo, nitaosha vyombo. Usiponijibu, utaviosha mwenyewe, na jioni utamweleza baba yako ulichokifanya."

Masikio ya Koki yaliwaka moto. Aliona haya, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko haya. Huyu hakuwa chumbani, hakuona kitu, amejuaje? Akavirudisha vikombe vyote juu kwa kishindo.

Saa ya chai ya jioni ilipita Koki akiwa bado na vikombe, ndipo Aloo alipochungulia mlangoni. "Koki, niaje? Phelister ashafungua ukumbi. Na mimi hiyo nafasi yako siitaki, naogopa watu."

"Nakuja. Wewe tangulia."

Akageuza viwili. Vikabaki vitano juu. Viwili tena, vikabaki vitatu. Akafunua kimoja na kufunika kimoja, vikabaki vitatu vile vile. Mkono ukasimama hewani. Tangu asubuhi vilikuwa vikibaki kimoja, au vitatu, au vitano. Mbona havikubaki viwili hata mara moja?

Akavihesabu tena kimoja kimoja. Mwishowe akasema, "Anti, kile cha mwisho nilikigeuza peke yake. Nisamehe. Na nimejua ulivyojua."

"Niambie."

"Nikifunika viwili, vya juu vinapungua viwili. Nikifunua viwili, vinaongezeka viwili. Nikifunika kimoja na kufunua kimoja, idadi haibadiliki. Tulianza na saba, na saba ni namba witiri, haigawanyiki kwa mbili. Ukiipunguzia mbili au ukiiongezea mbili, inabaki kuwa witiri. Ili vyote vifunikwe, ni lazima vya juu viwe sifuri, na sifuri si witiri. Hata nikigeuza mpaka mwakani, haiwezekani."

Nthoki alicheka, halafu akavuta kiti akaketi karibu naye.

"Unajua kwa nini nilianguka mtihani? Niliandika kwamba nimejaribu namba nyingi na zote zimekubali. Mwalimu akaandika pembeni, 'Umejaribu, hujathibitisha.' Nililia, nikasema ananionea. Hakunionea. Nilikuwa nimechoka, nikataka uchovu wangu uhesabiwe kama jibu."

Akakigeuza kile kikombe cha buluu mkononi.

"Wewe adhuhuri ulisema haiwezekani kwa sababu umechoka. Mchana ukasema umeweza kwa sababu unataka kwenda kuimba. Maneno yote mawili yalitoka kwenye haja yako, hayakutoka kwenye vikombe. Ndiyo maana nilikukamata bila kukuona. Ukweli hauhitaji shahidi, Koki, na uongo haupati pa kujificha kwa sababu tu hakuna aliyeangalia. Fanya kazi mpaka uipate sababu. Na kama hujaipata, sema hujaipata. Hakuna aibu hapo."

"Ndiyo, Anti."

"Kwa ule uongo, wiki ijayo utaosha vyombo vyote, na sufuria za ugali humo humo. Lakini leo umejibu. Nenda."

Koki aliruka kizingiti mbio. Alipofika ukumbini ngoma ilikuwa bado haijalia, na Phelister alimtazama kwa mashaka.

"Leo umewahi. Vyombo umemwachia nani?"

"Anti Nthoki."

"Yule wa chuo kikuu, apange foleni bombani? Usinidanganye."

"Sikudanganyi, Mwalimu. Sikiliza."

Wakanyamaza. Kutoka bombani ilisikika sauti ya mama mmoja akilalamika kwamba yeye ndiye aliyetangulia kufika, na sauti ya Nthoki ikimuuliza, taratibu kabisa, amejuaje.

Phelister alitikisa kichwa akatabasamu. "Haya, Koki. Anzisha wimbo."