Vumbi la Mawe Uani

Zamani machimbo ya mawe yalilisha mji mzima. Malori yalipishana kutwa, na wachongaji walitembea vifua mbele. Kisha yakaja matofali ya saruji, ya bei nafuu. Machimbo yakafungwa moja baada ya jingine.

Fundi mmoja alikataa kushindwa. Alihamishia kazi nyumbani. Kutwa alikuwa uani na msumeno na nyundo, akichonga mawe ya makaburi. Vumbi jeupe lilitua kwenye masufuria, kwenye nguo na kwenye nywele za binti yake mdogo.

Mkewe hakuwa na raha. Mume alikuwa akikohoa siku nyingi, na sasa mtoto naye alikohoa. Mama alifagia, akapumzika kidogo, akafagia tena.

"Baba watoto, hili vumbi litatumaliza."

"Acha woga. Si nakunywa maziwa? Machimboni sote tulikunywa. Maziwa yanaosha kifua. Mpe na mtoto."

"Mbona wenzako wamekufa kwa kifua?"

Fundi akagonga jiwe kwa nguvu zaidi. 

Mke akatoka mbio, akarudi na jirani yao muuguzi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeletwa kunifokea?"

"Nimeletwa kukwambia ukweli. Maziwa yanaenda tumboni. Vumbi linaenda kwenye mapafu. Linaacha makovu yasiyopona."

"Sasa niache kazi tule nini? Mawe?"

"Chonga, lakini mbali na nyumba. Lowesha jiwe muda wote, vumbi lisiruke. Vaa barakoa ya vumbi. Oga na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Na wewe mama, kufagia pakavu kunalirusha vumbi upya. Futa kwa kitambaa chenye maji."

Mama akautazama ufagio wake, akaona aibu.

Kesho yake walikwenda hospitali, wakapigwa picha za kifua. Mapafu ya fundi yalikuwa na makovu. Ya mtoto yalikuwa safi. Fundi alilia mbele ya daktari bila kujificha.

Siku hizi anachongea nyuma ya ua, ndoo ya maji pembeni, barakoa usoni. Akichoka anakaa avute pumzi. Binti amepona kikohozi, anakimbia huku na huku.

Mchongaji mwenzake alipita akamcheka. "Fundi mzima unaosha mawe kama vyombo!"

"Kifua changu kilibaki machimboni," fundi akamjibu. "Cha mwanangu sikitoi."